Pumzi Aliyodaiwa Vuai

Hapo zamani, enzi za mababu wa mababu zetu, mji wa Mkunguni ulitawaliwa na Sultani Badawi, mtu mwenye kilemba kikubwa na masikio mazito. Askari wake walizoea kuingia majumbani mwa watu na kujitwalia watakacho. Ikawa siku moja wakamtoa Bi Mize, mjane mfinyanzi, nyumbani mwake, wakaigeuza nyumba banda la farasi. Mjane akaenda barazani kushtaki, akafukuzwa. Hakuna aliyethubutu kumsemea ila Vuai, fukara ambaye mji mzima ulimwita punguani.

"Bwana wetu," akasema Vuai, "nyumba ile ni yake."

"Hana chake," akajibu Sultani. "Nyumba, ulimi, hata hiyo pumzi unayobwabwajia, ni hiba yangu. Na kwa kuwa huna shukrani, kesho uje unirudishie pumzi yangu mbele ya watu. Mnyongaji atakusaidia."

Basi Vuai akarudi kwake. Akakaa, akawaza, kisha akala papa mkavu kwa vitunguu vibichi mpaka machozi yakamtoka.

Asubuhi baraza ikafurika. Vuai akasogea, akapiga magoti mbele ya Sultani, uso kwa uso.

"Hiba hurudishwa kwa mwenyewe, Bwana, haipitii kwa mnyongaji. Pokea."

Akampulizia. Sultani akaziba pua na mdomo. Vuai akavuta pumzi, akapuliza tena, na tena, hata mawaziri wakarudi nyuma wakijifunika majoho.

"Koma," Sultani akasema kwa taabu.

"Nitakomaje, Bwana? Kila nikirudisha moja, nyingine yaingia. Nawe umeziba mdomo, hukunipa kitu. Hii basi kanipa nani?"

Sultani akamgeukia kadhi. Kadhi akashika ndevu zake, akasema, "Mwenyezi Mungu, Bwana. Hapo sina la kuongeza."

"Kumbe pumzi zetu ulizikuta, hukutupa wewe," akasema Vuai. "Sisi tulikuweka hapo utulinde. Ikiwa ipo hiba ya kurudishwa, ni hicho kiti."

Sultani akawatazama watu. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Akacheka, kicheko cha mtu aliyekalia mwiba, akaamuru Bi Mize arudishiwe nyumba yake, na askari wale wale waizoe samadi kwa mikono yao.

Tangu hapo askari wa Mkunguni wakifika mlangoni kwa mtu hupiga hodi, na wasipokaribishwa, huenda zao.