Dawa ya Ndago ya Bwana Mbonea

Bwana Mbonea alizungushia ukuta uwanja wake na kupanda nyasi za mapambo. Wanawake walipoomba kukatiza kwenda chemchemini, aliwafukuza. “Mtanikanyagia nyasi!” Wakaendelea kuzunguka kilima na ndoo zao.

Mvua zilipokuja, uwanja ukajaa ndago, lile gugu sugu.

“Mbegu zimetoka mashambani kwenu!” aliwafokea wale wanawake. “Mtaiondoa bure, la sivyo nachukua mbuzi wenu!”

Bi Namkunda, mjane mwenye ulimi mtamu, akapiga goti. “Bwana mkubwa, ndago ukiing’oa, punje zake hubaki chini zikazaa upya. Inataka kukanyagwa kila siku, tena na mtu mwenye mzigo.”

“Mzigo gani?”

“Hata ndoo ya maji. Lakini bwana, tutachoka!”

“Chokeni!” Akafungua mlango wa mbele wa ukuta na wa nyuma, upande wa chemchemi.

Msimu mzima alikaa barazani na chai yake, akipaza sauti: “Wewe mwembamba, jaza ndoo! Kanyaga kwa nguvu!”

Ndago ikafa. Nyasi nazo zikafa. Kutoka mlango hadi mlango ukabaki udongo mtupu, mgumu kama sakafu.

“Basi, imetosha,” alisema, akishika kufuli. “Sasa nafunga.”

“Unafunga nini, bwana?” aliuliza Bi Namkunda, ndoo kichwani. “Desturi ya hapa unaijua. Njia iliyopitwa msimu mzima kwa ruhusa ya mwenyewe haifungwi tena. Na ruhusa yako, kwa zile kelele zako, kijiji kizima kimeisikia.”

Akapita.