Rundo la Mawe kwenye Njia ya Mkonge

Isomeni hii taratibu kabla ya kuituma mbele, hasa nyie mnaojibu swali kabla halijaisha kuulizwa.

Juu milimani, kule ambako ukungu huingia jikoni bila hodi, palikuwa na kijiji kilichoanzisha matembezi ya kila Jumamosi. Wenyeji na wageni walipanda pamoja njia ya zamani, wakatazama mbega msituni, wakanywa maji ya chemchemi, wakasimuliwa habari za waliopita hapo zamani. Jambo zuri. Mwongozaji wao aliitwa Mbazi.

Mbazi alikuwa na kofia ya kaki, fimbo ya kuchonga na sauti ya mhubiri. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya waongozaji huko mjini, na katika yote aliyofundishwa lilimkaa moja tu: mgeni hapendi kusikia "sijui." Basi neno hilo akaachana nalo kabisa. Ukimwuliza jina la mti asioujua, anakuundia papo hapo. Ukimwuliza ni ndege gani anayelia, anasema ni ndege wa mvua. Mvua isiponyesha, anasema yule alikuwa bado mdogo, hajazoea kazi.

Watu walimpenda. Uongo wenye sauti nzuri haukosi wasikilizaji.

Nyumbani aliishi na mama yake, mwanamke ambaye hakutaka kusikia habari za gesi. Alipikia kuni, juu ya mafiga mawili ya mawe na, mahali pa figa la tatu, tofali. Sufuria ilikaa upande tangu Mbazi alipopata akili zake. Siku moja Mbazi alimletea jiwe zuri la mtoni, lenye kimo kilekile. Mama alilitazama, akalitupa nje, akarudisha tofali lake. Mbazi akacheka, akasema wazee wana mambo yao. Hakuuliza.

Sasa, matembezi yale yaliishia mahali ambapo njia huanza kuteremka kwenda tambarare. Zamani, kabla barabara ya magari haijachongwa upande wa pili wa mlima, waliokwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge walishukia hapo. Palikuwa na rundo la mawe. Siku ya kwanza kabisa mgeni mmoja aliuliza lile rundo ni la nini. Mbazi hakujua. Alivuta pumzi, akaanza.

"Hapa ndipo wazee wetu walipowashinda maadui. Kila shujaa aliweka jiwe lake. Na mpaka leo, anayeweka jiwe hapa hupata bahati."

Wageni walipiga makofi, wakaokota mawe, wakaweka. Wa Jumamosi iliyofuata wakaweka pia. Rundo lililokuwa la magotini likafika kifuani.

Ikatokea Jumamosi moja akaja mwanamke aitwaye Naelijwa, mwenye duka la vitambaa Korogwe. Alikuwa amevaa raba, kanga kiunoni, na njia nzima alikaa kimya. Waliomfahamu wangeshangaa, maana kukaa kimya si desturi yake. Walipofika kwenye rundo, Mbazi alipandisha sauti, akawapiga maadui wake kama kawaida. Watu wakainama kuokota mawe. Naelijwa hakuinama.

"Shujaa gani?" aliuliza. "Nitajie mmoja."

"Walikuwa wengi, mama."

"Ndiyo maana nimeomba mmoja tu."

Watu wakacheka. Mbazi akakohoa. "Alikuwepo… Kighombo."

"Kighombo mwana wa nani?"

Mbazi akatazama msituni, kana kwamba baba yake Kighombo angetokea huko.

"Mwanangu, mimi baba yangu alizaliwa kijiji hiki," alisema Naelijwa. "Alishuka kwa njia hii kwenda kukata mkonge. Kila mwaka alisema mwakani nitarudi. Tumemzika mwezi uliopita. Aliniambia hivi: kijana aliyekuwa anashuka alichukua figa moja jikoni kwao, akaliweka hapa. Akirudi analibeba mpaka nyumbani na kulirudisha motoni. Jiko likikamilika, majirani wanajua mtu wenu amefika. Kwa hiyo hapa hakuna shujaa wa vita. Hapa ni mawe ya watu ambao hawajarudi."

Kisha Bwana Mgonja, afisa wa halmashauri ambaye hakukosa matembezi hata mara moja, akaliangalia jiwe mkononi mwake kama aliyeshika nyoka.

"Ina maana aliyeweka jiwe hapa…"

"Umejitangaza kwamba kwako hurudi, baba."

"Lakini mimi nina mawe mengi humo!"

"Basi mkeo aanze kuzoea."

Watu walicheka, lakini walikuwa wameshaanza kupekua. Mmoja alikuwa anatafuta jiwe lenye umbo la muhogo, mwingine akaapa la kwake lilikuwa na doa jeupe.

Naelijwa hakucheka. "Shangazi yangu, dada yake baba, yuko hapo kijijini. Haoni vizuri tena, ila hajaacha kuuliza. Nimemwahidi kumpelekea figa la kaka yake, wapate kukutana hata kwa jiwe. Lina mfereji ubavuni, bibi yangu alikuwa akinolea kisu hapo. Jana nilikuja peke yangu nikalitafuta hadi mikono ikachubuka. Nyie mmelifukia kwa bahati zenu."

"Na huko kwa shangazi yako walikuwa wanapikiaje siku zote hizo?" aliuliza mama mmoja wa kwaya.

"Mafiga mawili na tofali. Jiwe lingine shangazi hataki hata kuliona. Anasema tofali linamshikia mtu nafasi. Ukiweka jiwe, umeshamzika."

Mbazi alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Ukabaki wazi. Akavua kofia.

"Mwongozaji?" Bwana Mgonja aliita. "Mbona umenyamaza? Hii ya mafiga nayo ikoje?"

"Sijui," alisema Mbazi.

Wenzake walidhani anaumwa.

"Sikuijua habari hii," alisema. "Na ile ya vita niliitunga mwenyewe. Hapakuwa na maadui. Hapakuwa na Kighombo."

Hakungoja waanze kunung'unika. Akaweka kofia chini, akaanza kuondoa mawe, moja moja. Naelijwa akaingia upande wa pili. Wengine wakajipanga nyuma yao wakipokezana. Mawe ya juu yalikuwa safi, ya rangi rangi, ya kuokotwa njiani. Kisha mkono wa mtu ukatoka mweusi. Chini kulikuwa na mawe ya masizi, yamelaliana kimya, na hapakuwa na aliyetaka tena kuyatupa. Waliyashika kwa mikono miwili, wakayalaza pembeni.

Naelijwa alipitisha kidole kwenye moja, akalirudisha. Akashika jingine. Kidole kikaingia kwenye mfereji, kikatelezea humo hadi mwisho. Alifungua kanga kiunoni, akalibeba lile jiwe mgongoni kama mtoto, akaanza kurudi kijijini.

Kwa shangazi yake alilitua mikononi mwa yule bibi. "Amerudi, shangazi. Ametumia miguu yangu." Bibi akalipapasa, akaufikia ule mfereji. Akalivuta tofali mwenyewe, akalitoa nje.

Mbazi alikuwa amewasindikiza. Aliona yote hayo akiwa mlangoni, kisha akaenda kwao karibu akikimbia. Alimkuta mama yake anapuliza moto.

"Mama, hili tofali linamshikia nani nafasi?"

Mama hakugeuka. "Baba yako mkubwa Sefania. Alishuka kabla hujazaliwa. Kabla baba yako hajafa, aliniachia nilitunze."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unajua kila kitu, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Asubuhi mama alichukua ile fimbo ya kuchonga, akatangulia. Mbazi alifuata nyuma, hana kofia, anauliza. Huu mti unaitwaje? Ndege huyu ni yupi? Mama alijibu alichojua, na asichojua alisema hakijui, wala mlima haukuanguka.

Walipofika kwenye mawe meusi, mama alipita katikati yake bila kusita, akaweka kiganja juu ya moja.

"Hili."

Mbazi akainama kulibeba.

"Liache," mama alisema. "Mwenyewe bado hajafika."

Funzo: Mwenye aibu ya kusema "sijui" huziba pengo kwa uongo, na uongo huo huwafukia watu wa kwao mwenyewe. Kabla hujawasimulia wageni historia ya mlima, iulize kwanza jikoni kwenu.