Mama Mbawala na Chungu cha Harufu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa au ni miayo? Itikieni kama watu mliokula. Na wewe uliyebinua mdomo kabla sijaanza, eti wanyama wana kampuni tangu lini! Uliwahi kuwauliza? Ulikwenda ukakuta hawana? Basi funga mdomo, fungua masikio.

Hapo zamani za kale, zamani ambayo ingeweza kuwa mwaka jana, palikuwa na Kampuni ya Chumvi ya Pori. Mkurugenzi wake alikuwa Bwana Kiboko, tumbo mbele, akili nyuma. Wanyama walichimba chumvi, wakaisaga, wakaiweka ghalani, na jioni kila mmoja akaingia kulamba sehemu yake. Kila mfanyakazi alikuwa na namna yake ya siri ya kubisha hodi. Mama Ngiri alibisha ko! ko-ko! Nyani alibisha ko-ko-ko! Mama Mbawala alibisha kwa ukwato, akakohoa, mlango ukafunguka. Mwizi akiijua hodi yako, kesho unabisha vingine. Mambo yanaendelea.

Huyu Mama Mbawala alikuwa na mtoto mchanga, kamficha kichakani. Mnajua mbawala anavyolea? Hamjui. Mbawala halali na mwanawe. Huja, humnyonyesha, humlamba mpaka harufu iishe, na mavi yake huyala. Ndiyo, huyala! Usikunje pua, wewe ulipokuwa mchanga nani alikupangusa? Huyala ili Chui apite pale pale, anuse, fyoo, fyoo, akose, aende zake. Mtoto wa mbawala hana mbio, hana pembe. Ana kitu kimoja tu: hanuki.

Ukafika mkutano wa mwaka. Bwana Kiboko akamleta mtaalamu, Fungo, yule mnyama anayenuka mpaka ndugu zake humkimbia. Katoka semina. Kavaa miwani.

"Ndugu wafanyakazi," akasema Fungo, "nawaletea mambo ya mwaka ujao. Kampuni zote kubwa zinahamia huko. Kubisha hodi kumepitwa na wakati! Kuanzia kesho ufunguo wako ni harufu yako. Unajisugua kwenye jiwe, jiwe linatunzwa kwenye chungu cha data. Ukifika ghalani, mlango wenyewe unakunusa, fyoo! unafunguka. Hiyo ndiyo akili mnemba, mabibi na mabwana!"

"Na watoto pia walete harufu zao," akadakia Bwana Kiboko, "wapate bima ya matibabu."

Makofi, pa pa pa! Nyani akapiga hata kwa miguu.

Mama Mbawala akasimama. "Mtaalamu, nina swali la mjinga."

"Uliza, mama."

"Mwizi akijua ninavyobisha, nabadili. Akiiba harufu yangu, nibadili nini? Nijichune ngozi?"

"Mama, chungu kina kifuniko."

"Hata chungu cha maharage kina kifuniko, na Nyani anakula kila siku."

Wakacheka. Fungo hakucheka. Nyani naye hakucheka.

"Mama Mbawala!" akanguruma Kiboko. "Unapinga maendeleo?"

"Napinga pua ya Chui, bwana mkubwa. Mwanangu nimemlamba mpaka ulimi umeota sugu, leo nyie mnataka nimsugue jiweni mpaka anuke. Na harufu yangu mimi ndiyo njia ya kumfikia. Sitoi yake, sitoi yangu."

"Basi huingii ghalani. Asiyenuswa halambi."

Akawa halambi. Alitafuta magadi machungu mtoni, akalamba. Alilamba majivu. Bila chumvi ya kutosha, kiwele kikaanza kusinyaa. Jioni shoga yake, Mama Ngiri, alikuwa akimpigia kelele kutoka ghalani: "Shoga, acha ubishi, ingia! Mlango unaninusa kama mchumba!"

"Mchumba wa pua huyo, shoga. Mimi simo."

Chui naye ana masikio. Akasikia kwamba harufu za pori zima zimekusanywa mahali pamoja. Aa! Kumbe kazi yake wamemfanyia wenyewe! Akanyemelea, nyata, nyata, akakibwaga kifuniko cha chungu, pwaa! Akanusa jiwe hili, akanusa lile. Hakuhangaika tena na vichaka. Kwa Mama Ngiri alikwenda moja kwa moja kama mgeni aliyealikwa. Watoto aliwakuta wamelala. Alimbakishia mmoja.

Ukaitwa mkutano wa dharura mle ghalani, mlango wazi kwa wote, hata asiyenuswa. Mama Mbawala akaja kumshika shoga yake mkono wa pole. Mama Ngiri kakaa chini.

Fungo akapangusa miwani. "Ndugu wafanyakazi, kumetokea hitilafu ndogo. Tunaishughulikia. Tumeleta chungu kikubwa zaidi, chenye vifuniko viwili. Pangeni foleni, kila mmoja alete harufu yake upya."

"Upya?" akauliza Mama Mbawala. "Ngiri ana harufu mpya? Kainunua duka gani?"

Lakini foleni ikaanza kupangwa.

Bwana Kiboko akakitazama kiwele cha Mama Mbawala. Akasogeza donge la chumvi, jeupe, linang'aa. Akalegeza sauti. "Mama, maziwa yanakauka. Mwanao atakufa njaa. Jisugue mara moja tu, ulambe."

Msiniambie hakutamani. Mate yalimjaa. Maziwa ya mwanawe yalikuwa mle, ndani ya donge lile.

"Bwana Kiboko," akasema, "mtoto mwenye njaa namtafutia magadi. Mtoto aliyeliwa nitamtafutia nini? Chumvi yenu ileni na Chui."

Akamsukuma Mama Ngiri kwa paji la uso. "Inuka, shoga. Uliyebakiwa naye yuko peke yake."

Mama Ngiri akainuka.

Basi wanangu, na nyinyi watu wazima mnaojifanya mnasinzia, shikeni hili: si kila jipya ni jema, na kitu ambacho kikiibwa huwezi kukibadili, usikitoe hata ukiitwa mshamba. Na hadithi yangu inaishia kwenye kizingiti cha ghala lile: Mama Mbawala akamtanguliza mwenzake, akawaacha wengine wakisukumana kwenye foleni, akatoka, akaufunga mlango kwa teke.

Pwaa!