Mluzi Katika Gari la Mwalimu Mwakalobo

Sogeeni, mliokaa nyuma msije mkasema hamkusikia. Kesi hii ilinifikia haijaamuliwa, nami nawakabidhi vivyo hivyo.

Kule Tukuyu alikuwako mwalimu mstaafu, Mwakalobo, mwenye watoto watatu, na kila mmoja alijaliwa lake. Tumpe, binti wa kwanza, alijaliwa masikio: alisimama mbele ya kwaya ya watu arobaini akamnyooshea kidole yule mmoja aliyekosea. Ambakisye alijaliwa mikono. Alikuwa fundi umeme wa majumba huko Mbeya, na kazi yake haikurudiwa. Lugano, binti wa mwisho, fundi cherehani, alijaliwa macho na utulivu. Angefumua gauni zima, mshono kwa mshono, asiache tundu.

Mwalimu alipostaafu, watatu hawa walimnunulia amplifaya, kile chombo cha kukuza sauti, na spika za gari lake dogo la bluu, ili asikilize nyimbo za kwaya alizozipenda. Ambakisye alivifunga mwenyewe, jioni moja, mbiombio, kwa kuwa alikuwa na safari. Tangu siku ile redio ikawa inapiga mluzi. Wiiii! Gari likikanyagwa mafuta, mluzi unapanda. Likiachiwa, unashuka.

Mwalimu aliwaambia wanawe. Ambakisye akasema, "Baba, Krismasi nikija nitaangalia." Krismasi akaja, akala, akaondoka. Lugano, aliyeishi mtaa wa pili na kupanda gari hilo kila Jumapili kwenda kanisani, akasema, "Hiyo kazi ya kaka." Na Tumpe, aliyekuwa akifundisha Iringa, alipigiwa simu asubuhi moja.

"Mwanangu, hebu sikiliza," baba alisema, akaisogeza simu kwenye spika, akakanyaga mafuta.

Tumpe akasikia. "Baba, naingia darasani. Nitakupigia."

Hakupiga. Baada ya hapo mwalimu akawa anaendesha redio ikiwa imezimwa.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Kisha moyo ukamlaza hospitalini, na siku ya pili akamwambia mkewe, "Gari mpe atakayeutoa ule mluzi." Hakurudi nyumbani.

Matanga yalipokwisha, mama aliweka ufunguo mezani wakati wa chai ya asubuhi. "Neno la baba yenu nimewaambia. Gari liko uani."

Msidhani hawa walikuwa malaika. Kila mmoja alilitaka. Ambakisye alilitaka kwa kubebea vifaa, Lugano kwa kupelekea wateja nguo. Tumpe alilitaka kwa sababu kiti cha dereva kilikuwa bado kinanukia baba, ingawa hilo hakulisema.

Ambakisye alikuja uani na spika mpya. "Zile zimekufa," alisema.

"Ngoja kwanza," Tumpe akamwambia. "Washa. Kanyaga. Achia." Akafumba macho. Mluzi ulipanda na injini, ukashuka na injini. "Spika mbovu haiwezi kujua injini inazunguka vipi. Chomoa ule waya unaoleta sauti kwenye amplifaya."

Ambakisye akauchomoa. Injini ikaendelea kunguruma, lakini spika zikanyamaza kabisa.

"Basi spika nzima, amplifaya nzima," Tumpe alisema. "Mluzi unaingia njiani, kati ya redio na amplifaya."

Akafumbua macho. Sauti ile ndiyo aliyoisikia kwenye simu. Siku ile ile angeweza kumwambia baba yake maneno haya haya, kisha akaingia darasani.

Ambakisye akang'oa plastiki za kando ya mlango, akaufuata waya. Akakuta waya mnene wa betri na waya mwembamba wa sauti zimefungwa pamoja kwa tepu nyeusi, bega kwa bega mpaka nyuma. Akaichana tepu.

"Tepu hii ni yangu," alisema. "Nilijua hazifungwi pamoja, wa sauti hudaka mlio wa ule wa betri. Nilikuwa na haraka."

Akazitenganisha nyaya, wa betri kushoto, wa sauti kulia. Mluzi ukapungua nusu. Haukuisha.

Lugano akauliza, "Na huu waya mweusi wa amplifaya unaishia wapi?"

"Huo ni wa ethi, wa kurudisha umeme kwenye chuma cha gari. Nimeufunga kwenye bodi, hauna tatizo."

Lugano aliinua kiti cha nyuma, akafumua zulia taratibu, akaifikia bolti iliyoshika ule waya. Ilikuwa imekazwa juu ya rangi, na unyevu wa Tukuyu umeijaza kutu, hata waya haukugusa chuma vizuri. Akaisugua kwa msasa, akasugua na bodi chini yake, hadi chuma kikang'aa. Akakaza.

"Nimeikalia bolti hii kila Jumapili," alisema, machozi yakimtoka.

Tumpe akawasha gari. Kwaya ikaimba, na mafuta yalipokanyagwa zilisikika sauti za watu tu. Ambakisye, kwa kutaka kujua, akazirudisha nyaya mbili pamoja. Mluzi ukarudi nusu. Akazitenganisha tena. Hivyo hapana kazi iliyotosha bila ya mwenzake, na bila Tumpe wangekuwa wamefunga spika mpya zikapiga mluzi ule ule.

Mama akatoka jikoni. "Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mama."

Akatazama jua. "Tangu chai mpaka saa sita. Kazi yenyewe ilikuwa hii tu?"

Mama akaingia garini, akakaa kiti chake cha kando ya dereva, akasikiliza wimbo mzima hadi mwisho. Kisha akauchomoa ufunguo, akashuka. "Haya. Nani?"

Asubuhi ile mikono mitatu ingenyooka. Sasa haukunyooka hata mmoja.

"Mpe Ambakisye," Tumpe alisema. "Ameungama kosa lake."

"Mimi nimetengua nilichoharibu. Mpe Lugano, ndiye aliyemaliza."

"Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, mama. Mpe dada, ndiye aliyetuonyesha njia."

"Baba yenu alisema mmoja," mama akasema. "Siwezi kulibadilisha neno lake, na siwezi kumwuliza tena."

Mpaka hapo ndipo nilipofikishiwa. Mama amesimama uani na ufunguo kiganjani, wanawe watatu wanatazama chini. Aliyesikia, aliyetenganisha, aliyesugua: kila mmoja aliuondoa mluzi, na kila mmoja alimwacha mzee aendeshe kimya miaka mitatu. Sasa ninyi mnaonisikiliza, ufunguo huo mngeuweka mkononi mwa nani?