Chupa Mbili za Jiwe la Kale

Methali ya mficha maradhi haiwahusu wagonjwa wa kitandani tu. Aibu nayo ni ugonjwa, na fundi mmoja wa maabara aliuguza yake miezi minane.

Kazi yake ilikuwa kuyeyusha mawe ya kale kwa asidi ili zibaki spora, vijivumbi vya uzazi vya mimea ya kwanza kuota nchi kavu. Mtafiti aliyezisoma kwa hadubini alikuwa mama yake mdogo, ndiye aliyempatia kazi hiyo. Spora za mawe ya chini, ya zamani zaidi, zilishikamana nne nne. Za mawe ya juu zilikaa moja moja, kila moja na alama ya mistari mitatu.

Siku moja trei ilimponyoka. Chupa mbili, moja ya jiwe la chini na moja ya jiwe la juu, zilibingirika, lebo zikalowa, wino ukafutika. Mawe yenyewe yalijaa stoo. Angeweza kukata vipande vingine. Lakini aliona haya kuitwa mzembe, akabahatisha, akaandika lebo mpya.

Wiki iliyofuata mama mdogo aliinua uso, macho yakimng'aa. "Mistari mitatu, kwenye jiwe la chini kabisa? Mwanangu, una hakika na chupa hii?"

"Nina hakika, mama."

Habari zikatangazwa: mimea ilibadilika mapema kuliko ilivyodhaniwa. Kisha, miezi minane baada ya trei kuanguka, kwenye mkutano wa wataalamu, mtafiti mgeni alisimama. Alikuwa amelipima jiwe lilelile mara tatu, akakuta spora za nne nne tu.

"Aliyetayarisha chupa zangu ni mtoto wa dada yangu," mama mdogo alijibu. "Namwamini kama macho yangu."

Fundi alikuwa safu ya nyuma, akisikia kila neno. Wakati wa mapumziko alimfuata mama yake mdogo ujiani, akamweleza yote huku akitazama viatu vyake.

Mama mdogo alimjibu taratibu. "Kuangusha chupa si kosa, mwanangu. Asubuhi moja tu ingetosha kurudia."

Hakumkaripia. Alirudi ukumbini, akaufuta ugunduzi wake kwa kinywa chake mwenyewe. "Kosa ni langu," alisema. "Sikukagua." Watu wawili walicheka chinichini.

Fundi alijaribu kusimama aseme ni yeye, lakini aibu ileile ikamzuia. Afadhali angetukanwa. Alibaki kitini, uso umemshuka, akifahamu kwa uchungu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.