Jarida la Kanyaga na Kombe la Mara ya Kumi

Hapo zamani, si zamani sana maana baiskeli zilishakuwa na breki, palikuwa na bingwa wa BMX kule Shinyanga, yale mashindano ya vibaiskeli vya kuruka matuta. Jina lake Nyamizi. Palikuwa na Holo, mshindani wake. Na palikuwa na Bwana Kidando, mwandishi wa jarida la Kanyaga.

Jarida lilichapwa wiki mbili kabla ya mbio, nalo lilitakiwa kuuzwa siku ya mbio yenyewe. Kidando afanyeje? Aliandika matokeo mapema: "Nyamizi wa kwanza, Holo wa pili." Na watu wa kule, msinicheke, kilichopigwa chapa hawakibishii. Kila Holo alipotangulia, alikumbuka jarida. Mwaka wa kwanza akashika breki. Mwaka wa pili akashika breki. Mwaka wa tisa breki zikakatika, akaburuza miguu mpaka viatu vikatoa moshi. Nyamizi akapita, akapigwa picha ya jalada la toleo lililofuata.

Sheria ilikuwa hivi: atakayeshinda mara kumi analichukua kombe moja kwa moja.

Mwaka wa kumi Kidando alichoshwa na sura ile ile kwenye jalada. Akaandika, "Holo wa kwanza." Nyamizi alilisoma asubuhi, akalia. Holo hakulisoma; alidhani anajua litasema nini.

Mbio zikaanza. Wakawaacha wenzao mbali, wao wawili bega kwa bega. Hatua moja kabla ya mstari, wote wakashika breki.

"Pita, dada," akasema Holo.

"Nipite vipi, na wa kwanza ni wewe? Imeandikwa."

"Mimi? Mimi ni wa pili miaka yote."

Wakasimama. Watazamaji wakaagiza chai, wakamaliza, wakaagiza tena. Kidando alipoona jarida linaelekea kuumbuka, akaja nyuma ya Holo, akamsukuma. Holo akavuka.

Kombe moja, mikono sita.

Nyamizi akasema, "Nimeshinda mara tisa. Leo nimesimama kwa heshima tu, sikushindwa na mtu."

Holo akasema, "Hizo tisa nilikupa mimi. Na leo gurudumu lililovuka ni langu. Hilo kombe sijawahi hata kuligusa."

Kidando akasema, "Kuna aliyewahi kushinda bila kalamu yangu? Na huyu amevuka kwa mikono ya nani?"

Mwamuzi akalifungua jarida atafute jibu. Akakuta tangazo la sabuni.

Akatuuliza sisi watazamaji, tukaagiza chai nyingine. Sasa nawauliza nyinyi msioogopa maandishi: je, kombe lile lilikuwa halali ya nani?