Dirisha la Mzee Varto

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na wanafunzi watatu wa chuo kikuu. Kaeni vizuri. Anayetaka kuchezea simu atoke nje, hadithi hii haitaki sikio moja.

Wanafunzi hao walikuwa na kikundi chao. Hawakutumwa na mwalimu, wala hakuna aliyewaahidi maksi. Kila mwaka walichagua sehemu moja ya ugenini wakaisoma mpaka waijue kama mtaa wao: lugha yake, mapishi yake, harusi zake, misiba yake. Mwaka huo wakachagua bonde la Oshur, huko kaskazini kwenye milima ya barafu, ambako watu ni wachache na kondoo ni wengi. Wenzao chuoni wakawacheka. "Oshur? Kwani mna ndugu huko?"

Wa kwanza aliitwa Lwitiko, kijana wa Tukuyu. Yeye ndiye aliyehangaika mpaka akawapata mfugaji mmoja wa bondeni, Mzee Varto, na mkewe Bibi Tamisa. Wazee wale hawakujaaliwa mtoto. Kila Jumamosi Lwitiko alimpigia mzee simu. Kioshuri chake kilikuwa cha kondoo tu: kondoo kazaa, kondoo kapotea, kondoo mkaidi. Lakini wee! Walicheka hao mpaka machozi. Mzee akamzoea, akawa anamwita "mwanangu".

Wa pili aliitwa Kokushubira, binti wa Kihaya, kichwa kwelikweli. Kioshuri alikimeza chote, na matusi yake. Mila za bondeni alizijua kuliko vijana wa huko wenyewe. Maongezi yakitoka kwenye kondoo, mkalimani ni yeye.

Wa tatu aliitwa Mshamu, mtu wa Kilwa. Huyu lugha ilimshinda, tusifichane. Ila yeye ndiye aliyekuwa akiwakatiza wenzake katikati ya maswali ya utafiti: "Jamani, mmemwuliza bibi mguu wake unaendeleaje?"

Basi siku moja habari ikaja. Mzee Varto amefariki.

Hapa kwetu msiba ukitokea tunafanyaje? Tunajaa! Tunatoa pole, tunakaa na mfiwa, na usipotokea utasemwa mpaka na wewe ufe. Oshur si hivyo. Oshur mjane haongeleshwi. Majirani humwekea chakula mlangoni wakaondoka kimya. Dirisha la chumba cha marehemu hufungwa. Wa kumsemesha mjane kwanza ni mtoto wa marehemu, naye husubiri machozi yake mwenyewe yakauke. Akishamsemesha, huja akalifungua dirisha kwa mkono wake, marehemu apate kwenda zake. Asipofika kabla ya theluji, dirisha hupigwa misumari, na mjane hukaa katika ukimya ule mpaka barafu iyeyuke.

Na Mzee Varto hakuwa na mtoto. Mnaona balaa hilo?

Mshamu akasema, "Tumpigie bibi tumpe pole."

Lwitiko akaruka. "Thubutu! Tumesoma mila zao mwaka mzima ili tuje tuzivunje?"

"Mwanamke kafiwa, yuko peke yake, na mimi nimkalie kimya? Mama yangu hakunilea hivyo."

"Na mimi je? Unadhani hainiumi? Aliniita mwanangu!" Lwitiko akatoka, akaenda kukaa nyuma ya bweni akalia.

Mshamu akamgeukia Kokushubira. "Dada Koku, mimi lugha sina. Nikopeshe mdomo wako."

Kokushubira alijua uzito wa jambo lile kuliko wote. Hata hivyo akapiga simu.

Mshamu akasema, Kokushubira akatafsiri: "Shikamoo bibi. Pole. Pole sana. Hatuna cha kukuambia, tumekuja kukaa na wewe tu."

Wakadhani amekata. Kisha wakamsikia analia, na alipomaliza kulia akasema, "Nilianza kusahau sauti ya mtu." Kisha akauliza, "Na yule wa kondoo yuko wapi?"

Kokushubira akajibu, "Amekataa kusema, bibi. Machozi yake hayajakauka."

"Basi alimpenda mume wangu," bibi akasema. "Sasa sikilizeni. Ukimya umeshavunjwa, dirisha lazima lifunguliwe. Theluji naiona kileleni. Aje mmoja, chumba cha wageni hakina zaidi ya kitanda kimoja. Atakayelifungua ni mtoto wa nyumba hii mpaka nife. Nani, mtajuana wenyewe."

Chuo kikakubali kumsafirisha mmoja. Jina likatakiwa kesho yake asubuhi. Hapo ndipo wale marafiki walipokaa wakatazamana.

Mshamu akasema, "Pole ile ni yangu. Bila mimi bibi angekaa kwenye ukimya ule mpaka leo."

Kokushubira akasema, "Pole yako ingefika vipi? Sauti aliyoisikia ni yangu. Na wewe uliongea kwa mazoea ya kwenu, mimi nilivunja mwiko nikiujua ni mwiko. Tena ukienda wewe utamwambia nini, Mshamu? Utamtazama tu?"

Lwitiko akasema taratibu, "Mimi ndiye aliyeitwa mwana. Nilikaa kimya kama mwana anavyotakiwa kukaa. Ningempigia machozi yakikauka. Mmeniwahi kwa baba yangu."

"Na theluji nayo ingekusubiri?" Mshamu akamwuliza.

Lwitiko akajifunika uso, na wale wawili wakamshika mabega, kwa maana walikuwa wanapendana, na hilo ndilo lililowatesa. Angekuwepo mwovu kati yao, mimi ningeshamaliza kazi hii zamani.

Haya, msinikodolee macho. Kalamu iko mezani, jina halijaandikwa, na huko mlimani bibi amekaa karibu na dirisha lililofungwa anasikiliza kama kuna mtu anakuja. Mmoja alihurumia, mmoja alithubutu, mmoja alipenda akanyamaza.

Je, nani alistahili kulifungua?